Poda za kutunisha misuli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kama hela yako inatosha kopo moja tu, nunua kriatini ("creatine"). Ni miongoni mwa poda zilizochunguzwa zaidi na watafiti, na ni moja ya chache zinazotimiza kinachoahidiwa, ingawa kwa kiasi. Inakupa nguvu ya kunyanyua chuma mara moja au mbili zaidi kabla ya kuchoka, na nyongeza hizo zikirundikana kwa miezi ndipo misuli hukua. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha, saa yoyote. Kilo moja au mbili zinazoongezeka mwanzoni ni maji, kwa hiyo usianze kubana fulana. Chukua aina ya kawaida isiyo na ladha, iliyoandikwa "creatine monohydrate". Zile zinazouzwa kwa bei ya juu kama "kizazi kipya" hazijaonyesha kuizidi. Siku ukienda kupima figo, mwambie daktari unaitumia, maana kipimo cha kriatinini, taka ya damuni inayotumika kupima figo, huweza kupanda hata figo zikiwa nzima. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila ushauri wa daktari.

Nafasi ya pili ni poda ya protini ya maziwa, ile iliyoandikwa "whey". Inafanya kazi, lakini ni chakula tu kilichokaushwa. Anayenyanyua vyuma anahitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 ni kama gramu 112. Sasa hesabu sahani yako: mayai matatu gramu 18, nusu lita ya maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kuku aliyeiva wa gramu 190 hivi zaidi ya 50, na dagaa wakavu wachache wanamalizia pengo, kwani zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Ukila hivyo, poda haikuongezei kitu. Inakufaa kama unatoka kazini usiku, unapita jimu, na nyumbani kumebaki ugali na mchicha.

Ukiamua kuinunua, geuza kopo. Gawa gramu za protini kwa gramu za kipimo kimoja ("serving"): 24 kwa 30 ni asilimia 80, hiyo ni nzuri. Ikishuka chini ya 60, unanunua sukari na ladha ya chokoleti. Kisha soma viambato. Ukiona glisini au taurini karibu na mwanzo wa orodha, weka chini. Maabara nyingi hukadiria protini kwa kupima naitrojeni, na hizo amino za bei rahisi hupandisha hesabu bila kujenga msuli.

Poda za kunywa kabla ya mazoezi zinashika nafasi ya tatu, na sehemu kubwa ya nguvu yake ni kafeini. Kahawa chungu kikombe kimoja au viwili inafanya karibu kazi ileile. Ule mwasho wa ngozi unaowafanya vijana waseme "imeshika" unatokana na beta-alanini. Hauna uhusiano na msuli kukua siku hiyo.

Makopo ya kunenepesha, yaani "mass gainer", ndiyo yanayouzwa kwa maneno matamu kuliko yote. Soma kipimo kimoja: mara nyingi ni zaidi ya gramu 300, protini 50, na wanga unaofika 250, hasa maltodekstrini, wanga unaogeuka sukari haraka mwilini. Kopo la kilo 2.7 likinywewa inavyoelekezwa halifikishi siku tisa. Kwa mtu mwembamba asiyeweza kula sana, uji wa ulezi wenye maziwa, ndizi na karanga za kusaga unampa nishati hiyohiyo kwa hela kidogo.

BCAA na glutamini, yaani poda za amino zinazouzwa peke yake, ruka. Amino zilizomo tayari zipo kwenye yai.

Mwisho kabisa ni vidonge vya "kupandisha homoni". Vingi vina mbigili, mmea uleule wa miiba inayotoboa tairi za baiskeli, na utafiti kwa wanaume wenye afya haujaonyesha kwamba unapandisha testosteroni, homoni ya kiume. Vinavyofanya kazi kweli ndivyo vya kuogopwa, kwa sababu baadhi vimewahi kukutwa na steroidi zisizotajwa kwenye lebo. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu bidhaa zenye SARMs, kemikali zinazoiga kazi ya testosteroni kwenye misuli: madhara ya ini, na hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Huko Marekani, tangu sheria ya 1994, virutubisho havihitaji kuidhinishwa kabla ya kuingia sokoni, hivyo "imetoka Marekani" si ushahidi wa chochote.

Kwa anayeshindana, awe mkimbiaji wa Iten au bondia wa Manzese, tafuta nembo ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, zinazoonyesha bidhaa imepimwa dawa haramu, na uthibitishe namba ya toleo kwenye tovuti yao. Kipimo kikikutwa na dawa haramu, kanuni za kupinga dawa michezoni zinakuhesabu wewe mwenye mwili, hata kama kopo ndilo lililodanganya.