Uzoefu wangu: Kidato cha tatu kisiwani Saanane, tukiwa na sahani ya kupimia maji

Shule nyingi za Mwanza zikipata fedha ya safari huwaza Serengeti, na Saanane huachiwa watu wa kupiga picha na kupumzika Jumapili. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Baada ya kuwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kisiwani pale, ndani ya Ziwa Victoria, nasema bila kusita kwamba kwa somo la mazingira sijaona safari ya karibu na ya gharama nafuu inayofundisha kama hii. Ila msiende kutazama wanyama tu. Nendeni mkapime maji.

Nianze na utaratibu. Boti huondokea Capri Point, mjini kabisa, na kuvuka ni dakika chache. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kwa hiyo mhasibu wa shule aanze kufuatilia mapema, na barua yenye idadi ya wanafunzi itangulie. Kila mtoto alivishwa jaketi okozi kabla ya kukanyaga boti, na muongozaji akakagua mikanda mmoja baada ya mwingine. Hilo nimelithamini sana, maana watoto wetu wengi wamekulia ufukweni lakini hawajui kuogelea.

Basi tulilokodi lilichelewa, tukapoteza saa nzuri za asubuhi. Nawaambia walimu wenzangu hili kwa sababu mchana upepo huamka, mawimbi yanapanda, na kupima chochote ukiwa botini kunakuwa kazi.

Saanane ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, na hapo maji yamehesabiwa. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ikapewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi na kufanya shughuli zake pale, na mwaka 2013 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Muongozaji wetu, kijana mtulivu mwenye kujua kazi yake, alituonyesha swala pala, tumbili, kenge na pimbi wanaoota jua juu ya majabali. Aliposema pimbi ni jamaa wa karibu wa tembo, darasa zima lilikataa. Hakubishana nao. Akaanza kueleza meno ya pimbi yanavyoota na kucha zake zilivyo kama kwato, na walipotulia akawauliza: swala wa kisiwani wakizidi idadi, wanahamia wapi? Hapo ndipo somo la kisiwa lilipoanza. Mnyama wa bara akikosa malisho husogea. Huyu kazungukwa na maji, chakula chake kina mpaka, na wenzi wa kuzaana nao ni walewale.

Niliongezea habari ya Rubondo, kisiwa kikubwa upande wa Geita, ambako Bernhard Grzimek, mhifadhi wa wanyama kutoka Ujerumani, na wenzake walipeleka sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969. Sokwe hao wamezaliana na uzao wao upo porini hadi leo. Vifaru weusi waliopelekwa huko katika miaka hiyohiyo wakamalizwa na majangili. Wanafunzi walijadiliana kwa muda mrefu kama kisiwa ni kinga au ni mtego, na sikuwakatiza.

Sasa maji, ambayo ndiyo hasa yaliyotupeleka. Wiki moja kabla tulitengeneza sahani ya kupimia uwazi wa maji. Ni kifaa alichokibuni Angelo Secchi, padri na mwanasayansi wa Italia, mwaka 1865. Sisi tulikata mfuniko wa ndoo ya rangi uwe na upana wa sentimita 20, tukaugawa robo nne, mbili nyeupe na mbili nyeusi, tukafunga uzito chini na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Unaishusha taratibu upande wenye kivuli, na pale inapopotea machoni unahesabu mafundo. Hiki kifaa kinaweza kutengenezwa na shule yoyote ya kata.

Kwa ruhusa ya muongozaji tuliishusha karibu na gati la mjini, kisha upande wa kisiwa unaotazama ziwa. Mjini ilipotea mapema mno. Upande wa pili iliendelea kushuka mpaka watoto wakaanza kuhesabu mafundo kwa sauti. Tofauti hiyo waliiona kwa macho yao, na nilipotaja naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na kwenye maji taka, na namna zinavyolisha mwani unaotia maji ukungu, hakuna aliyeniuliza kama itatoka kwenye mtihani. Mmoja alisema, “Mwalimu, si ni Mirongo unaleta?” Mto Mirongo unakatiza katikati ya jiji na kumwaga ziwani. Anapita juu yake kila siku akienda shule.

Kisha nikawaeleza kuhusu furu. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki hao wadogo. Sangara aliingizwa miaka ya 1950, na alipofurika katika miaka ya 1980 alikula sehemu kubwa ya furu. Hiyo wengi wanaijua. Wasichokijua ni habari ya rangi. Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza wapo furu wawili ndugu: Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, dume lake lina mgongo mwekundu, na Pundamilia pundamilia, dume lake ni la buluu. Jike humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 watafiti Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha kwamba maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri, majike hushindwa kutofautisha, na aina mbili huanza kuchanganyika hadi kuwa moja. Kwa hiyo samaki anaweza kutoweka bila kuvuliwa wala kuliwa.

Kimya. Halafu msichana mmoja wa nyuma akauliza, “Na maji yakisafishwa, watarudi kuwa wawili?” Tukakaa chini ya mti tukalizungumza swali hilo mpaka muda wa boti. Chakula tulichobeba kililiwa kimechelewa.

Natoa nyota nne kati ya tano, na ile moja naiondoa kwa sababu ya basi. Kwa wanaojipanga: bebeni maji ya kunywa, kofia, daftari lenye jalada gumu na vifaa vyenu vyote vya kupimia. Mwambieni muongozaji tangu mwanzo kwamba mnataka kukaa ufukweni kuliko kuzunguka. Wa kwetu alifurahi kuombwa hivyo. Kidato cha tatu wanafaa zaidi kwa mjadala, ila hata darasa la sita wanaweza kushusha sahani na kuhesabu. Wanangu sasa wanataka kupima pale Mirongo unapoingilia ziwani wakati wa masika, na ombi lao liko mezani kwa mkuu wa shule.