Saa ya kengele ya 15,000 imeninasua na simu usiku

Wiki ya tano sasa ndo naandika, sikutaka kusifia kitu cha siku mbili. Ni ile saa ya mezani ya chuma yenye kengele mbili juu na kinyundo katikati, betri moja tu ndogo. Nimeichukua Kariakoo mtaa wa Kongo, jamaa alianza na 20,000 tukamalizana 15,000.

Kilichonipeleka ni simu. Napanda kitandani saa nne naperuzi dakika tano tu, nakuja kushtuka saa nane na kidole bado kinasukuma video, asubuhi naamka mwili kama nilibeba zege. Wanaosoma katuni za Marvel watanielewa. Mwaka 1984 Spider-Man alipata vazi jeusi akalipenda sana maana linafanya kila anachotaka, kumbe kiumbe hai, akilala linamvaa linatoka naye kuruka ruka juu ya maghorofa ya New York, yeye anaamka kachoka hajui kwa nini. Ndo lile lililokuja kuwa Venom, adui wake mkubwa, mwaka 1988. Simu yangu ni hivyo hivyo kabisa, haikuja kwa ubaya, ilikuja kunisaidia, na nitaiwekaje mbali na kitanda wakati alamu ya kuniamsha iko humo humo? Hapo ndo iliponishika.

Na vazi lile adui yake sauti kali, Spider-Man alipanda mnara wa kanisa kengele zikagonga mpaka likambanduka mwilini. Basi hii saa inagonga aisee! Glasi ya maji pembeni inatetemeka, siku ya kwanza mtoto chumba cha pili aliamka analia. Simu siku hizi inalala sebuleni kwenye chaji, na saa tano mimi nishalala.

Kasoro zipo. Tik tik yake usiku inasumbua, siku tatu za mwanzo niliifunika na kanga. Mshale wa alamu nao hauko sawa, ukiweka saa kumi na moja inalia kumi na moja kasoro kumi, nikarudi kwa yule jamaa akaniambia "kaka sogeza mbele kidogo tu", na kweli ndo dawa yake. Halafu ukiizima imezima, haikukumbushi tena, ila hilo mimi nimelipenda.

Juzi nimemchukulia mdogo wangu anayesoma chuo, analalamika kila siku kichwa kinamuuma asubuhi. Zilikuwa zimebaki nyekundu tu.