Uzoefu wangu: hadithi fupi za LibriVox kwenye kiredio cha memori

Kwa hadithi fupi za zamani, LibriVox, tovuti ya vitabu vilivyosomwa kwa sauti, ikiunganishwa na kile kiredio kidogo cha kuchomeka kadi ya memori kinachouzwa hapa Mbeya inatosha kabisa. Kwa riwaya siishauri, na tatizo liko kwenye kiredio chenyewe. Vingi ukivizima vinarudi mwanzo wa faili, havikumbuki ulipoishia. Ukikatishwa katikati ya sura ya dakika hamsini utatafuta mpaka uchoke. Hadithi ya dakika 15 unaianza tu upya, na mara nyingi inanoga zaidi.

LibriVox ilianzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire, Montreal, nchini Kanada. Wasomaji wanajitolea, kusikiliza ni bure, na kupakua hakuhitaji kujisajili. Wanasoma kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha kwa sheria ya Marekani, ambako kwa vitabu vya zamani muda huo ni miaka 95 tangu kuchapishwa. Usimalize bando kutafuta waandishi wa juzijuzi.

Chagua msomaji kwanza, hadithi baadaye. Mlango uko wazi kwa yeyote mwenye maikrofoni, kwa hiyo utakutana na mabingwa na utakutana na wanaosoma kama wanakimbizwa. Ile mikusanyo ya hadithi fupi ya pamoja ina msomaji wake kwa kila hadithi: lafudhi zinabadilika, sauti inapanda na kushuka, na mkono haubanduki kwenye kitufe. Unapotafuta, weka Solo badala ya Group upate kazi iliyosomwa na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Kisha sikiliza dakika mbili mtandaoni kabla ya kupakua. Ruka lile tangazo la ufunguzi, halafu pima kitu kimoja: anatua kwenye nukta? Wengi wetu Kiingereza tulikipata darasani, na sikio linahitaji ule mtuo ili lishike sentensi iliyopita. Asipokufaa, tafuta kichwa kilekile tena. Hadithi maarufu huwa na wasomaji kadhaa.

Si kila hadithi nzuri kwenye karatasi ni nzuri masikioni. Zinazosimuliwa na mhusika mwenyewe ndizo zinazokaa vizuri zaidi: "The Tell-Tale Heart" ya Edgar Allan Poe, ya mwaka 1843, ni mtu anajitetea mbele yako, na msomaji mzuri anaharakisha kadiri mwendawazimu huyo anavyopanda. "The Monkey's Paw" ya W. W. Jacobs, ya 1902, inategemea mlango unaogongwa usiku, kwa hiyo isikilize wakati nyumba imetulia. Chekhov, yule mwandishi wa Urusi, nampenda, ila majina yanasumbua: mtu huyohuyo anaitwa kwa jina lake, kwa jina la baba yake na kwa jina la utani, na huwezi kurudi nyuma kwa jicho. Anza na zile zenye wahusika wawili watatu. O. Henry ndiye mgumu kuliko wote kwa sikio letu, maana misemo yake ni ya mitaani Marekani ya zaidi ya miaka mia iliyopita. Huyo msome kwanza. Kwenye ukurasa wa rekodi kwa kawaida kuna kiungo cha maandishi.

Sasa upakuaji. Faili za kawaida ni MP3 za kilobiti 64 kwa sekunde, yaani takriban MB 29 kwa saa. GB moja ya bando inakupa zaidi ya saa 30. Zipo pia za kilobiti 128 zenye uzito mara mbili, lakini kwa sauti ya mtu anayesoma, kupitia spika ya ukubwa wa kifuniko cha chupa, hutasikia tofauti. Kazi nzima inakuja kama zipu, na kiredio hakisomi zipu: ifungue kwanza kwenye simu au kompyuta, ndipo uhamishe.

Kwenye kadi ndipo wengi wanapokwama. Tumia ya GB 8 au 16, iliyofomatiwa FAT32, yaani mfumo wa kupanga faili ambao viredio hivi vinausoma; zinazozidi GB 32 huja na mfumo mwingine ambao viredio vingi vya bei nafuu havitambui. Pili, viredio hivi mara nyingi havifuati majina ya faili. Vinafuata mpangilio zilivyoandikwa kwenye kadi. Ukimpa kijana wa kibandani pale Mwanjelwa akumiminie zote kwa mkupuo, utasikia hadithi ya saba kabla ya ya pili. Fomati kadi, kisha ingiza moja moja kwa zamu. Ukifuta moja na kuongeza nyingine, mpya inaweza kukaa kwenye pengo la ile iliyofutwa, mpangilio ukavurugika tena; ni heri kufomati na kuanza upya.

Kiredio kikijizima na kuwaka kila sauti inapopanda, usilaumu kadi. Ni betri imechoka. Ile bapa ya BL-5C inabadilishwa kwa urahisi. Iliyovimba usiichaji kabisa.

Kazi za kufanya huku unasikiliza nazo zichague. Kuchambua maharage na kumenya viazi kunafaa. Kupukuchua mahindi, hapana, yanamzima msomaji. Na mvua ya Tukuyu juu ya bati inashinda kiredio chochote: ukiongeza sauti, spika inakwaruza na maneno yanapotea hapohapo. "The Necklace" ya Maupassant, ya 1884, mwisho wake umo kwenye maneno machache tu. Yakimezwa na bati, umesikiliza bure. Masika hamia kwenye simu na visikilizio, tumia programu ya VLC, na mwendo uushushe hadi 0.85. Chini ya 0.75 sauti inaanza kuvutika na raha inakwisha.

Upungufu mkubwa ni lugha. Katalogi imejaa Kiingereza, kwa hiyo kwa bibi asiyekijua haimsaidii kitu. Kwake yeye, mjukuu anayesoma vizuri akarekodi hadithi ya Kiswahili kwa simu, akiwa chumba chenye mapazia na nguo nyingi ili sauti isirudi ukutani, simu ikiwa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isipige maikrofoni. Aihifadhi kama MP3 ya mono (mkondo mmoja wa sauti), kilobiti 64, na mwishoni aache sekunde tano za kimya kabla ya faili inayofuata.