Mashine ya kukereza ya kurekebisha spidi, utamu wake uko kwenye spidi ndogo

Jamani hii mashine ya kukereza mbao ya kurekebisha spidi kwa kitufe nimeikubali, hasa kwenye spidi ndogo. Gogo la mninga la bakuli la inchi 12 likiwa bado halijawa duara linatikisa meza nzima, ila hapa unaanzia chini kabisa, unapandisha taratibu mpaka uone inaanza kutetema, unarudi nyuma kidogo, basi hapo patasi inakula vizuri bila presha.

Wanaosema haina nguvu wengi wao mkanda wa mota wameuacha kwenye puli (gurudumu la mkanda) ya spidi kubwa halafu wanashusha kwa kitufe tu, mota lazima ipate moto na ukigusa mbao inasimama. Hamisha mkanda kwanza uweke puli ya spidi ndogo, utaona tofauti!

Gogo likishakuwa duara panda kwenye mizunguko 500 au 600 kwa dakika, inatosha. Kwenye msasa shuka tena, ukienda kasi mbao inaungua na msasa unaisha upesi. Kasoro ni kitufe kukaa mbali na mkono. Na kabla ya kuwasha, hakikisha kipo sifuri.