Haydarpaşa au Sirkeci?

Istanbul ina stesheni mbili kongwe za treni, kila moja ng'ambo yake ya maji. Sirkeci, upande wa Ulaya, ilifunguliwa mwaka 1890. Mjerumani August Jasmund aliipa matao na madirisha ya duara yenye vioo vya rangi. Inapendeza, ila mji umeibana.

Mimi nachagua Haydarpaşa, upande wa Asia. Ujenzi ulianza 1906 kwa michoro ya Otto Ritter na Helmuth Cuno, juu ya nguzo 1,100 za mbao zilizopigiliwa chini, na ngazi zake zinateremka kuelekea baharini. Mlipuko wa 1917 na moto wa 2010 viliharibu paa, kuta zikahimili. Lakini kama shida yako ni treni ya kupita chini ya Bosporus, mlango wa bahari unaoutenga mji huu, panda Sirkeci.