TAHADHARI: Boti nyeupe ya tanga chini ya mfenesi, msitume arbuni

Ndugu zangu wa Entebbe, Kampala na Jinja, hasa nyinyi mnaopenda matanga, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi moja.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya kuuza na kununua. Boti ndogo nyeupe aina ya Laser, imelazwa juu ya vigoda viwili chini ya mfenesi, kamba ya buluu imefungwa omoni, yaani mbele. Maneno yake: tayari kwa mashindano, tanga jipya, imetengenezwa 2008. Boti hiyo niliinunua mimi mwezi wa pili. Iko uani kwangu hapa Entebbe sasa hivi ninapoandika, na haifai kuingia ziwani. Jumapili iliyopita kijana mmoja wa Jinja alinipigia simu baada ya rafiki yetu kumwambia kisa changu. Ameshatuma laki tano za arbuni kwa picha hizohizo, picha za boti iliyo kwangu. Nilikuwa nimekaa kimya karibu miezi miwili kwa aibu, mtoto wa pwani kuuziwa chombo kibovu, na kimya changu kimemponza mwenzangu.

Jina na namba ya muuzaji siweki hapa, jalada liko polisi na nimeombwa nisiliharibu. Nitaeleza namna anavyofanya kazi yake, na aliyewahi kuongea naye atamjua.

Nimezaliwa Lamu, nimekulia kwenye mashua na ngalawa, na huu ni mwaka wa kumi naishi Uganda. Mpwa wangu mwenye miaka 16 alipokuja kukaa kwangu akaanza kuniuliza habari za kubisha, yaani kugeuzageuza chombo ili kiende kinyume cha upepo, na za joshini, upande upepo unakotoka, nikasema basi, tutafute boti ndogo tuitengeneze polepole, tushindane na wenzetu Jumapili. Laser ndiyo iliyonijia akilini. Ni ya mtu mmoja, urefu mita 4.2, bodi ya faiba yenye uzito wa kilo 59 hivi, tanga moja la mita za mraba 7.06. Imekuwamo kwenye Olimpiki tangu 1996, na tangu 2019 jina lake rasmi ni ILCA, ingawa sisi bado tunaiita Laser. Bodi hiyohiyo unaweza kuiwekea tanga dogo la mita 5.76, ambalo kijana mwepesi analimudu. Zaidi ya yote, bodi zote zina umbo moja, kwa hiyo ya zamani iliyotunzwa, kavu na ngumu, bado inakwenda sambamba na ya juzi.

Muuzaji analijua hilo, na hapo ndipo anaponasia watu. Nilipomuuliza umri wa boti alinijibu, "Kaka, Laser haizeeki. Ya juzi na ya zamani ni moja." Maneno hayo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonila.

Alitaka milioni sita na nusu. Tulipatana milioni tano, na juu yake milioni moja na laki tatu za kuiboresha: tanga jipya, kapi na kamba za kukaza tanga kwa urahisi, vyote vije kutoka Mombasa ndani ya wiki moja. Alinipeleka kuiona saa kumi na mbili jioni, jua linazama, kwenye uwanja wa nyumba upande wa Garuga. Boti inang'aa kama sahani. Nikaomba tuishushe majini kesho yake. Akasema kesho asubuhi kuna Mzungu anakuja na pesa taslimu, lakini yeye angependa ibaki kwa Mswahili mwenzake. Nikalipa palepale kwa simu. Kabla sijaweka namba ya siri jina la mpokeaji lilitokea kwenye skrini, jina la mwanamke. Nikauliza. "Ni mke wangu, laini yangu imejaa." Nikabonyeza.

Nieleze kwa nini sikuona ubovu, kwa sababu wapo wengi humu waliotoka pwani kama mimi. Chombo cha mbao nakijua. Nagonga ubao kwa kifundo cha kidole, nasikiliza, natazama kalafati iliyoziba mianya ya mbao, nanusa ngama kule chini kabisa ndani ya chombo. Na chuma na alumini nazitazama kwa jicho la mtu wa bahari, natafuta kutu na unga mweupe wa chumvi. Kwenye boti ile kutu hakuna hata chembe, nami nikafurahi. Ziwa letu ni maji baridi, kutu si adui mkubwa hapa. Adui ni maji kujificha ndani. Ndani ya sitaha ya faiba mna sponji ngumu, ikishaloa haikauki kwa urahisi, na maji baridi hupenya faiba kuliko maji ya chumvi. Nje unaona rangi mpya tu.

Jumamosi iliyofuata tuliingia ziwani. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kuingia kutoka kusini, mzuri, wa kuchezea. Nilimtanguliza mpwa wangu, amevaa jaketi la kuokolea, mimi nafuata kwenye boti ya injini ya rafiki. Dakika ishirini za mwanzo niliona boti haiinuki juu ya mawimbi, inayalima. Kila alipobisha, ilichelewa kugeuka. Halafu likaja pigo la upepo, akakaza demani, kamba ya kuvutia tanga, nikasikia mlio kama wa gogo linalopasuka. Mlingoti ulilala upande pamoja na kipande cha sitaha. Tundu unamosimama mlingoti lilikuwa limechanika kwa chini siku nyingi, wakalijaza filla ya magari na kulipaka rangi. Mtoto alitupwa majini umbali wa mita mia nne hivi kutoka ufukweni. Tulimfikia haraka, hakuumia. Lakini fikirieni angekuwa peke yake, jioni, bila jaketi, na mawingu ya mvua yanakuja kama yanavyokuja hapa bila kubisha hodi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Pesa hutafutwa. Mtoto wa dada yangu ningempeleka wapi?

Tulipoivuta nchi kavu tukafungua kizibo cha nyuma, maji yakatoka kwa muda mrefu sana. Nikaacha ikauke siku tatu juani, kisha nikaipeleka mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Wachuuzi wa sangara wakanisaidia na mizani zao mbili za kuning'iniza, moja omoni, moja tezi, yaani nyuma, tukajumlisha: kilo 81. Yaani baada ya kukauka nje bado ilikuwa imebeba kilo ishirini na mbili za maji na filla. Mashindanoni unashindana na watu huku umembeba mtoto wa miaka saba mgongoni. Mzee mmoja fundi wa mitumbwi aliyekuwa pale aliigonga sitaha mara mbili akaniambia, "Huyu mgonjwa alipakwa poda, mwanangu."

Sasa kuhusu umri. Kila Laser ina namba yake iliyofinyangwa kwenye bodi yenyewe, chini ya pete ya chuma iliyoko omoni au kwenye uso wa tezi. Kuanzia namba 148200 kuna pia kibati kidogo nyuma ya sehemu ya kukalia. Tanga nililouziwa nayo lilikuwa na namba inayoanza na 19, kwa hiyo kibati kingepaswa kuwepo. Hakipo, wala alama ya mahali kilipokuwa haipo. Nikachukua msasa nikakwangua omoni taratibu, tabaka la rangi, tabaka la filla, na chini yake zikatokea tarakimu tano. Za tarakimu tano ni za miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Boti ina umri wa kunizidi mimi! Tanga lenyewe ni la kunakili, halina kile kifungo cha uhalali kinachowekwa karibu na kona ya mbele ya chini. La kunakili si haramu, wengi tunafanyia mazoezi, na linafaa kwa pesa yake. Lakini usiuziwe kwa bei ya halali ukaja kukataliwa siku ya mashindano.

Na lile tanga jipya la Mombasa? Wiki ilipita, ikapita ya pili. Ndipo akaniandikia kwamba mzigo umekwama Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, nitume laki nne za ushuru upesi kabla haujapigwa mnada. Hapo nilizinduka. Kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hulipwa kwa namba ya malipo inayoitwa PRN, unalipa benki au kwa simu ukiitumia namba hiyo, na risiti unaiona. Haiendi kwenye laini ya mke wa mtu. Nikamwomba PRN. Simu ikazimwa siku hiyohiyo. Kijana wa Jinja naye ameshaambiwa habari za Malaba, neno kwa neno, ila kwake ni laki tatu.

Anayetafuta boti ya tanga ya mkono wa pili, kwa mtu huyu au mwingine, aende mchana kweupe na ndoo ya maji. Jaza maji kwenye tundu la mlingoti, weka alama kwa penseli, kaa robo saa. Yakishuka, maji yanaingia ndani ya bodi na sehemu hiyo haina nguvu. Kisha simamisha mlingoti, usukume kwa mikono, usawa wa kifua chako, huku mwenzako anatazama sitaha: ikicheza hata kidogo, ondoka. Tembea magotini juu ya sitaha yote, pakibonyea kama godoro ujue sponji imeoza. Mishono ya bodi na sitaha ipake povu la sabuni halafu puliza kwa mdomo kupitia tundu la kizibo, mapovu yatakuonyesha panapovuja. Kwa mdomo tu, ukileta kompresa ya gereji utaipasua boti ya watu. Na ibebe kwenye mizani. Sijui kwa nini hatuioni mizani kama kifaa cha mnunuzi wa boti, wakati kila mwalo unayo na wenyewe hawana hiana.

Jambo jingine, uliza kwanza kwenye vilabu vya tanga, kile cha Entebbe na kile cha Kaazi. Boti za aina hii si nyingi nchini na watu wa pale wanazifahamu. Ningeuliza siku moja kabla, ningeokoka. Niliuliza baada ya mlingoti kulala.

Yangu nimetoboa mlango mdogo kwenye sitaha, naikausha kwa feni usiku na jua mchana. Juzi ilikuwa kilo 74. Fundi anaamini tundu la mlingoti linaweza kujengwa upya kwa faiba na epoksi, nami nitajaribu, ila mpwa wangu haingii ndani yake mpaka niwe nimeiendesha mwenyewe kwenye upepo mkali mara kadhaa.

Kama umemtumia pesa mtu huyu tangu mwezi wa kwanza mwaka huu, au umeonyeshwa picha za mfenesi na kamba ya buluu, niandikie faragha. Usifute ujumbe wake, na hifadhi ule ujumbe wa kuthibitisha malipo wenye jina la mpokeaji na namba ya muamala. Kwa sasa tuko wawili, mimi na kijana wa Jinja, na jina la mwanamke kwenye malipo yetu ni lilelile. Jumatatu saa tatu asubuhi tunakwenda kituoni pamoja, yeye anakuja na basi la alfajiri. Wa tatu akipatikana kabla ya hapo, nitampitia popote alipo kati ya hapa na Kampala.