Rangi ya sebule Kisumu na Nakuru: ninayoipa namba moja, na ile ya kuiacha dukani

Mwaka 2017 nilipaka sebule yangu ya Migosi, mtaa wa Kisumu, rangi ya kijivu. Siku hizo kila picha ya nyumba mtandaoni ilikuwa ya kijivu: kuta kijivu, makochi kijivu, dari ya jipsamu nyeupe yenye taa zilizofichwa pembeni. Mama mkwe akaja kutoka Siaya, akaketi, akanywa chai, akazungusha macho ukutani, kisha akaniuliza kwa upole, "Nyathina (mwanangu), nyumba itaisha lini?" Alidhani ni plasta. Wala hakuwa na dharau. Machoni pake ukuta wa kijivu ni ukuta unaongoja rangi.

Tangu hapo nimepaka upya mara mbili, na nimeandamana na ndugu na majirani dukani hadi wauzaji wananijua. Hapa nimezipanga rangi zinazoulizwa sana sasa kwa sebule. Sikuzipanga kwa uzuri wa picha. Nimeangalia zinavyostahimili maisha ya huku: jua la alasiri, vumbi, vidole vya watoto na wadudu wa ziwa.

Jambo moja kwanza. Ushauri mwingi unaousoma umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanaokuambia chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa baridi. Sisi ikweta inapita Maseno hapo, na jua linakatiza juu ya paa. Cha kujiuliza ni kama dirisha lako linatazama mashariki au magharibi. La magharibi, kuanzia saa kumi jioni, linamwaga mwanga wa dhahabu unaogeuza krimu kuwa njano na pichi kuwa rangi ya chungwa. Rafiki yangu alichagua pichi dukani saa nne asubuhi. Jioni yake alikuwa anaishi ndani ya papai.

1. Krimu iliyoingia kahawia

Simaanishi ile krimu ya njano ambayo wenye nyumba hupaka vyumba vya kupangisha kutoka Kondele ya Kisumu hadi Free Area ya Nakuru. Nasema krimu iliyokaa kama maziwa yaliyodondoshewa chai, hafifu, yenye kahawia kwa mbali. Hii ndiyo namba moja yangu, na ndiyo iliyoko ukutani kwangu leo.

Sababu ni za kawaida kabisa. Vumbi jekundu halionekani upesi juu yake. Makochi ya mbao na vitambaa vya mezani vya kila rangi vinaelewana nayo. Ukigonga ukuta ukatoka kovu, unaliziba bila kiraka kupiga kelele. Na kwa mara hii fasheni imetufuata sisi: kampuni ya Pantone ya Marekani, ambayo imekuwa ikitangaza rangi ya mwaka tangu 2000, ilichagua kijivu na njano kwa 2021, ikaja na pichi kwa 2024, kisha kwa 2025 ikatangaza Mocha Mousse, kahawia ya kahawa yenye maziwa. Ukiziweka pamoja unaona safari ya kutoka kwenye kijivu kurudi kwenye joto. Sisi tuliokulia nyumba za kupanga za miaka ya tisini tulicheka tu waliposema pichi: ndiyo tuliyokulia.

Usiende dukani na jina la rangi, maana kila kampuni ina majina yake. Nenda na kipande cha kadi yenyewe.

2. Kijani cha majivu

Fikiria jani la mkaratusi lililoanza kukauka. Kwa Kisumu, ambako saa nane mchana hata feni inapuliza joto, rangi hii inapoza macho kuliko zote. Inapendeza sana pamoja na mikeka, vikapu na mimea ya ndani. Ingekuwa namba moja isingekuwa na ugomvi na balbu. Ile balbu nyeupe ya bei nafuu inayouzwa kila kiosk inatoa mwanga wa buluu, na chini yake kijani hiki kinageuka ukuta wa zahanati. Ukiamua kukichukua, nunua na balbu za mwanga wa njano siku hiyo hiyo, ziingize kwenye bajeti ya rangi.

3. Rangi ya udongo, ukuta mmoja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii watu wanaiita mpya na mimi naiona ya bibi. Nyumba zilizosiribwa vijijini, Siaya hadi Vihiga, mara nyingi zilikuwa na mkanda mzito chini, mwekundu au mweusi, na juu udongo mweupe zaidi. Urembo ulikuwepo, lakini kulikuwa na hesabu pia: mvua ikipiga ardhi, matope yanaruka hadi magotini, na mkanda unayameza. Madarasa ya shule yalichukua akili hiyo hiyo, rangi ya mafuta chini na ya maji juu.

Uzuri mwingine ni kwamba wekundu wa udongo unatokana na oksidi ya chuma, na rangi za kopo za aina hii kwa kawaida hutiwa oksidi hiyo hiyo. Jua haliifubazi kirahisi. Linganisha na zile nyekundu kali na zambarau zilizokuwa fasheni ya ukuta mmoja nyuma ya televisheni. Nimeziona zikipauka upande wa dirisha kama kitenge kilichosahauliwa kwenye kamba.

Sebule nzima ya udongo ni nzito, hasa kama madirisha ni madogo. Paka ukuta mmoja, ule unaotazamana na dirisha. Au fanya kama bibi: kwenye korido wanakopita watoto, paka mita moja ya chini rangi ya udongo inayosafishika, na krimu juu yake.

4. Nyeupe tupu

Kwa dari, ndiyo. Kwa kuta, uliza ndugu zako wanaoishi karibu na Dunga, ufuo wa ziwa pale Kisumu. Wadudu wa ziwa wakipanda kama moshi usiku, wanafuata taa, wanatua ukutani, na kila unayemfuta anaacha doa. Nakuru, vumbi la kiangazi linakaa juu ya kila swichi na kila ukingo. Kakamega mvua inaleta ukungu kwenye pembe, na juu ya nyeupe unauona kutoka barabarani.

5. Kijivu

Nimeshasimulia. Ukiipenda kweli, chagua yenye kahawia ndani yake, ya jiwe la mtoni, uikimbie yenye buluu. Na uwe na madirisha makubwa.

6. Buluu nzito na rangi ya makaa

Hii ndiyo ya kuiacha dukani. Kwenye simu inapendeza mno. Nyumbani kila mgongo wa kiti unaandika mstari mweupe, kila kiganja kinabaki. Rangi nzito huchanganywa kwenye rangi mama (ile ya msingi inayotiwa rangi dukani) ya aina tofauti, na kopo lake mara nyingi huwa ghali zaidi. Siku ukichoka nayo, unalipa tena: andakoti nyeupe, yaani koti la chini, kwanza, ndipo uanze safari ya kurudi. Kama roho haitulii, paka nyuma ya kitanda tu.

Ukishachagua

Usiamini kadi ya ukubwa wa stempu. Nunua kopo dogo kabisa, paka koti mbili kwenye karatasi ya manila nyeupe, kisha uibandike kuta tofauti kwa siku mbili. Itazame asubuhi, itazame saa kumi na moja jioni, itazame usiku taa zikiwaka. Kuta nne zikitazamana rangi huonekana nzito kuliko kadi, kwa hiyo ukibaki kati ya mbili, chukua iliyo hafifu.

Kisha kuna mng'ao. Rangi ya maji isiyong'aa inaficha mawimbi ya plasta, lakini ukiisugua inachubuka. Silki inang'aa kidogo, inafutika kwa kitambaa na sabuni, ila inaonyesha kila kosa la skimu, ule mpako laini wa juu ya plasta. Mwenye watoto achukue silki na amlipe fundi apige msasa vizuri. Kwa milango, rangi ya mafuta, na hapo soma kopo: liwe na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na liseme halina madini ya risasi. Watoto hung'ata kingo.

Kiasi. Fundi wangu wa kwanza aliniambia, "Mama, nunua ndoo ya lita 20, isikuishie." Nikanunua, na nusu yake ikagandia stoo. Hesabu mwenyewe: sebule ya mita 4 kwa 5, kuta za mita 2.7, ni karibu mita 49 za mraba. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 44. Lita moja ya rangi ya maji hufunika karibu mita 10 za mraba kwa koti moja kwenye ukuta laini. Koti mbili ni lita 9 hivi: makopo mawili ya lita 4 na moja la lita 1. Ukuta ambao haujawahi kupakwa unakunywa zaidi, kwa hiyo upige andakoti kwanza. Na plasta mpya iache ikae kama wiki nne; ikipakwa mbichi, chokaa iliyo ndani ya simiti inaitafuna rangi na unabaki na mabaka.

Rangi ya mashine, yaani iliyochanganywa dukani, mimina makopo yote kwenye ndoo moja ukoroge kabla ya kuanza. Kopo la pili halifanani kabisa na la kwanza, na tofauti itakaa katikati ya ukuta.

Kama unapanga, omba ruhusa kwa maandishi. Mimi niliwahi kukatwa nusu ya dipoziti kwa ukuta mmoja wa kijani ambao mwenye nyumba alikuwa ameusifu kwa mdomo, akiwa ameketi hapo hapo mbele yake na soda mkononi.

Rangi itakayobaki mimina kwenye chupa ya jemu, ijae hadi juu, ufunge vizuri. Ile karatasi ya namba za mchanganyiko iliyo kwenye mfuniko, ibandue uigundishe ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Duka linaweza kuhama, na muuzaji aliyekuchanganyia naye hatakumbuka.